Nilimhesabia Mkwe Wangu Miezi

Jikoni kwangu, huku Mbulumbulu, palikuwa na kalenda ya Kanisa yenye picha ya Familia Takatifu. Wengine huandika humo siku za Jumuiya na siku za kulipa michango. Mimi nilikuwa na kazi nyingine. Kila mwezi, nilipomwona mkwe wangu anafua vitambaa vyake na kuvianika nyuma ya zizi, nilichukua kalamu ya risasi nikaweka alama ndogo juu ya tarehe. Maana ya alama ile ilikuwa moja: mwezi huu tena hakuna kitu. Nilifanya hivyo miaka mitano. Yeye aliziona alama zile kila asubuhi alipokuja kuwasha moto, nami nilijua kwamba anaziona.

Wasomaji wenzangu, sitataja jina la mtu, kwa maana habari hii si yangu peke yangu. Kabla ya kuileta gazetini nilimsomea mkwe wangu maneno yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Peleka, Mama. Huenda yuko mwingine mwenye kalenda."

Basi, mwanangu wa tatu alioa mwaka 2014. Sisi ni Wairaqw. Binti ni Mmasai, kwao ni upande wa Endulen, ndani ya Ngorongoro. Walijuana mjini Karatu, ambako binti alikuwa akiuza shanga alizotunga kwa mikono yake. Siku alipoletwa kwangu aliinamisha kichwa ili nimguse, kama ilivyo desturi ya kwao mdogo kumwamkia mkubwa. Nikamgusa, nikampenda. Wala sisemi uongo: nilimpenda kweli, na hata wakati nilipokuwa nikimtesa nilidhani ninampenda.

Mwaka uliofuata alishika mimba. Ilipofika mwezi wa tano mimba ikatoka, usiku wa mvua, barabara imejaa matope na gari hakuna. Mimi na jirani mmoja ndio tuliokuwa naye. Alfajiri nilimzika yule mtoto chini ya mparachichi, upesi upesi, bila kumwita mama yake aone. Niliporudi ndani nilimkuta analia. Nikamwambia, "Usilie. Wewe ni kijana bado, utapata mwingine. Tusilitaje tena jambo hili." Nilidhani hayo ni maneno ya faraja. Naye akatii. Hakulitaja tena, miaka sita.

Wazee wetu walikuwa na mwiko juu ya mambo hayo. Nyumba iliyopoteza mimba au mtoto ilitengwa kwa muda: watu wake hawakuazimana moto na majirani, hawakunywa pamoja nao, hawakuketi penye watu, mpaka siku zao zitimie na watakaswe. Mama yangu alinisimulia hayo nilipokuwa msichana, nami nilishukuru kwamba nimezaliwa wakati mwiko ule unalegea. Kumbe mimi niliuweka upya kwa kinywa changu. Tena wa zamani ulikuwa na mwisho wake, siku ilifika mtu akarudi kati ya wenzake. Wa kwangu haukuwa na mwisho.

Ninyi akina mama mnajua jinsi tunavyoitana vijijini. Mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Yosefu, Mama Neema, na ndivyo anavyojulikana sokoni, kanisani na hata dukani penye daftari la madeni. Mkwe wangu hakuwa na jina. Waliokuwa na adabu walimwita mke wa fulani. Wasio na adabu walimwita "yule wa kwenu." Akina mama walipokusanyika kwenda kumwona mzazi, yeye alibaki kuchota maji, na hakuna aliyeuliza amebaki wapi.

Polepole nikaona anabadilika. Aliacha kutunga shanga. Usiku nilisikia mlango wao ukifunguliwa, naye akikaa nje peke yake katika baridi ile ya Mbulumbulu. Alikula vijiko viwili vya ugali akaweka sahani chini. Siku za ubatizo alisema kichwa kinamwuma, wala si uongo, kilimwuma kweli. Mara tumbo, mara moyo kwenda mbio, mara mikono kufa ganzi. Tulikwenda zahanati, wakampima malaria, hakuna. Wakampima choo, hakuna. Mahali pamoja mhudumu alimwuliza mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, "Miaka yote hii, wewe unazuia?" Siku ile aliporudi hakusema neno hata kesho yake jioni.

Tulimpa pia mizizi ya kuchemsha, mimi ndiye niliyeinunua. Na katika ukoo wakaanza wale wa kusema maneno pembeni: huyu arudishwe kwao, au kijana atafute mwingine wa kumzalia. Hapo nilikuwa na wajibu wa kusema, kwa maana tumefundishwa wazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1084, inaeleza kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Wawili waliofunga ndoa wakakosa mtoto ni mume na mke kamili kama wenye watoto kumi. Nililijua hilo. Lakini watu wa ukoo waliponitazama, sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Mkwe wangu alikuwa anapepeta mbaazi hatua chache kutoka hapo, akasikia kimya changu.

Mwaka 2021 mama yake mzazi alimwita. Akina mama wa boma lao walitaka kumwombea. Nikasema nitafuatana naye, na sababu yangu haikuwa nzuri: niliogopa asirudi, watu wakatucheka.

Tulipanda gari Karatu alfajiri, tukapita lango la Lodoare, tukaanza kupanda msituni. Ukungu ulikuwa mzito hata hatukuiona kreta chini yetu, na wageni waliokuja toka mbali na kamera zao walisimama ukingoni wakitazama weupe mtupu. Tukashuka upande wa pili, tukapita bonde la Malanja penye ng'ombe na punda milia wakila majani pamoja, tukafika Endulen jua likiwa kali.

Kwa Wamasai, mwanamke asiyepata mtoto si shauri lake peke yake. Toka zamani akina mama hukusanyika kwa ajili yake na kumwomba Mungu kwa nyimbo. Wengine huenda mpaka Ol Doinyo Lengai, mlima wanaouita wa Mungu, kumwomba watoto huko. Safari ile walikwenda karibu tu, chini ya oreteti, ule mti mkubwa wa jamii ya mkuyu ambao kwao ni mahali pa baraka. Walikuwa kama ishirini, vikongwe na vijana. Walishika majani mabichi mikononi, wakamnyunyizia maziwa, wakamzunguka wakaimba. Hawakumwuliza habari za miezi. Mimi nilikaa pembeni juu ya jiwe nikijisemea kwamba mimi ni Mkristu, mambo haya hayanihusu. Halafu nikamsikia mkwe wangu analia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa asubuhi ile, na wale akina mama wakaendelea kuimba, wakimshika huyu bega, huyu mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilia toka usiku ule wa mvua.

Jioni mama yake aliniita kando. Akaniambia, "Mzazi mwenzangu, mtoto amenieleza neno. Amesema nyumba yenu ingepumua kama yeye asingekuwepo duniani." Miguu yangu ililegea. Nilijua maana yake. Nanyi msomao mwaijua. Akaendelea, "Nyimbo zetu zimemfungua kinywa, lakini haziwezi kumaliza. Kesho tumpeleke hospitali." Nikamjibu kwamba hospitali amekwisha pimwa kila kitu. Akasema, "Wamepima tumbo. Hawajapima huzuni."

Hivyo mama asiyejua kusoma alinifundisha mimi niliyemaliza darasa la saba.

Hospitalini tulimpata nesi mmoja, mtu mzima, aliyesomea ushauri nasaha. Alimkaribisha mkwe wangu chumbani, mimi nikabaki nje. Baadaye nilielezwa maswali aliyoyauliza, nami nayaandika hapa kwa sababu kila mmoja wetu aweza kuyauliza nyumbani. Je, majuma mawili haya umekosa furaha hata katika mambo uliyoyapenda? Unalala? Unakula? Unajiona hufai kitu? Na je, umewahi kufikiri kwamba ni heri usiwepo, au kutaka kujidhuru? Mimi nilishtuka kusikia swali la mwisho linaulizwa wazi. Nesi akanieleza kwamba kumwuliza mtu hivyo hakumtii wazo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitua. Na akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, apelekwe kwa wenye ujuzi siku ile ile.

Akatuambia kwamba ugonjwa una jina, unaitwa sonona. Ni huzuni iliyoingia mwilini ikakaa. Si uvivu, si pepo, si upungufu wa imani. Kisha akasema kwamba dawa ya kwanza ya mkwe wangu ingekuwa tiba ya mazungumzo. Wapo wagonjwa wanaohitaji na vidonge pia, hasa sonona inapokuwa kali, wala si aibu, kama si aibu kumeza dawa ya shinikizo la damu. Lakini yeye angeanza kwa mazungumzo mara nane, kila juma mara moja, na mtu mwenye ujuzi huo karibu na kwetu, upande wa Karatu.

Nilicheka moyoni. Kuongea! Sisi wanawake tunaongea toka kisimani hata sokoni, na nani amepona? Sikujua kwamba kuna kuongea na kuongea.

Sasa niwaeleze kazi hiyo inavyokwenda, kwa maana wengi hudhani ni kupewa mawaidha. Mshauri yule hakumpa mkwe wangu mawaidha, wala hakumwahidi mtoto. Siku ya kwanza alimwacha aseme tu, kwa saa nzima, na yanayosemwa mle hayatoki nje. Siku ya pili waliandika matatizo yote katika karatasi, moja moja, wakachagua moja dogo la kuanzia. Unajua alichagua lipi? Si mtoto. Alichagua usingizi. Wakatafuta pamoja mambo ya kujaribu: asikae kitandani akipambana na mawazo, avute pumzi polepole akihesabu, asinywe chai nzito jioni. Juma lililofuata alitoa habari, lipi limefaa, lipi halikufaa.

Tena alifundishwa kuyapima mawazo yake kama tunavyopima mahindi. Wazo lake kubwa lilikuwa hili: "Nimelaaniwa." Mshauri akamwambia, tuliweke mezani tulitazame. Nani amekuambia? Ushahidi wake ni nini? Dada yako angekuwa katika hali hii, ungemwambia amelaaniwa? Akasema, la, ningemwambia anaumwa. "Basi," akamwambia, "mbona wewe unajinyima neno unalompa dada yako?" Mazungumzo kama hayo yalirudi mara nyingi. Wazo la miaka sita haling'oki kwa siku moja, ni kama mzizi wa mti mkubwa shambani.

Walijipanga pia kwa siku ngumu. Kwa siku za ubatizo waliafikiana kwamba aweza kuja kwenye Misa na kuondoka kabla ya karamu, bila kudanganya kwamba anaumwa. Kwa wanaouliza, "Lini tutakula uji wa mzazi?" alitayarisha jibu fupi, akalifanyia mazoezi mpaka akaweza kulitoa bila kutetemeka. Na kazi ya nyumbani aliyopewa ilikuwa kurudia jambo moja alilolipenda zamani. Akarudi kwenye shanga. Kwanza mkufu mmoja kwa juma zima, tena wenye makosa. Lakini nilipoona uzi na sindano juu ya meza yake, nilitoka nje nikafuta macho.

Mara ya nne niliitwa mimi. Nilivaa kitenge cha Jumapili nikidhani nitashukuriwa kwa nauli. Mshauri akaniuliza kwa upole, "Mama, usiku ule mimba ilipotoka, ninyi mlifanya nini?" Nikaeleza upesi. Akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikasema, chini ya mparachichi. Mkwe wangu akainua kichwa. Hakujua. Miaka sita alikuwa akianua nguo chini ya mti ule, wala hakujua kwamba mtoto wake yuko pale.

Ndipo mshauri akaniuliza, "Na wewe, Mama, hukupata kupoteza?" Sikutazamia swali hilo. Mimi nilizaa saba, wamebaki watano, na mmoja kati ya wale wawili alifariki siku aliyozaliwa, kabla sijampa jina. Mama mkwe wangu aliniambia maneno yale yale: usilie, utapata mwingine. Nami nilitii kama mkwe wangu alivyotii. Mle chumbani, mwanamke wa miaka sitini na kitu, nililia kwa ajili ya mtoto ambaye sasa angekuwa na wajukuu. Mkwe wangu ndiye aliyenishika mkono.

Juma lile tulikwenda wote watatu chini ya mparachichi, na mwanangu. Tukazungushia mawe, tukasali. Mkwe wangu akampa mtoto jina, naye hajamwambia mtu nje ya nyumba yetu. Nami nilipoingia jikoni niliitoa kalenda ukutani nikaitia motoni, siku zake zikiwa hazijaisha.

Liko jambo jingine nilisemalo kwa uchungu. Mshauri alitutuma kwa daktari, akasema waende wote wawili. Mwanangu akakataa: "Mimi ni mzima, nalima ekari nne." Kama wanaume wengi, alifikiri nguvu za mwili ni ushahidi. Daktari akamweleza kwamba katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, tatizo liko kwa mume, au liko kwa wote wawili. Aweza kuwa mzima wa kila kitu na mbegu zake zikawa chache au dhaifu. Kwa wanawake, mara nyingi sababu ni mirija iliyozibwa na maambukizi ya zamani, kama kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa, au maambukizi baada ya kuzaa au mimba kutoka. Ndiyo maana wanaoishi pamoja mwaka mzima bila kuzuia, na mimba haiji, yafaa wapimwe wote, si mmoja.

Mwisho mwanangu alikubali. Majibu yakaonyesha tatizo liko upande wake. Alikaa shambani siku mbili hasemi na mtu, mpaka mkewe alipomfuata akamwambia, "Twende kwa mshauri, safari hii wewe ndiwe mgonjwa." Walikwenda. Wanaume nao huumia katika jambo hili, ila wamefundishwa kuficha, na kilichofichwa mara nyingi hutoka kama ulevi au ngumi.

Watu wengine wakisikia hayo husema, "Loo, ulimwonea binti bure, kumbe hakuwa yeye!" Ndugu zangu, tusijidanganye. Hata kama ingekuwa ni yeye, kosa langu lingekuwa lile lile. Hakuna mtu anayestahili kuhesabiwa miezi ukutani.

Niliporudi kumshukuru yule nesi wa kwanza nilimwuliza kama kuna wengine kama sisi. Akasema Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hupatwa na shida ya kupata mtoto katika maisha yake. Na Marekani, mwaka 1993, Daktari Alice Domar na wenzake waliwapima wanawake wasiopata watoto wakaona kwamba huzuni na hofu yao hulingana na ya wagonjwa wa saratani. Tukisikia jirani ana saratani, tunampelekea uji. Huyu mwingine tunampelekea maswali.

Nesi akanisimulia pia habari iliyonifurahisha sana, ya nchi ya Zimbabwe. Kule Harare, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona madaktari wa kazi hiyo ni wachache mno. Akawachukua vikongwe kumi na wanne, akawafundisha, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati. Mwenye huzuni huketi na bibi, husikilizwa, huchagua tatizo moja, hutafuta njia. Ugonjwa wenyewe huuita kwa neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioanza na watu 573: baada ya miezi sita, kati ya kila 100 walioketi na bibi, wapatao 14 tu walikuwa bado na dalili za sonona, na kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50. Mabibi, wasomaji wangu! Wanawake wa umri wangu, wenye mikono ya jembe kama hii. Nikajiuliza, kama bibi wa Harare aweza kumponya mtu kwa kuketi naye, mimi wa Mbulumbulu niliketi kwa kazi gani?

Wala tusifikiri sonona ni ya wasiozaa tu. Shirika lile lile linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea wajawazito wapatao 16 kati ya 100, na waliojifungua wapatao 20 kati ya 100, hupatwa na matatizo ya afya ya akili, na sonona ndiyo kubwa. Yule mzazi anayemwangalia mtoto bila furaha, asiyetaka kumnyonyesha, anayelia ovyo juma la tatu baada ya kujifungua, si mama mbaya. Ni mgonjwa, naye apelekwe. Huko Pakistan, mwaka 2008, Daktari Atif Rahman na wenzake walionyesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini waliofundishwa mazungumzo haya waliweza kupunguza sonona ya akina mama kwa zaidi ya nusu. Sisi nasi tuna wahudumu wa afya vijijini.

Jumapili moja nilisikia tena somo la Hana, mke wa Elkana. Nimelisikia toka utoto, na siku zote nililiona ni habari ya mwanamke aliyeomba akapata Samweli. Safari hii nikasikia neno ambalo lilinipita miaka yote. Kuhani Eli kwanza alimdhania amelewa. Kisha akamsikiliza, akamwaga kwa amani. Naye Hana akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Alikuwa bado hajapata mimba. Uso ulipona kwanza. Nami nikajiona nilivyokuwa katika somo lile: nyumbani kwangu mimi nilikuwa Penina.

Mtauliza, je, sasa wamepata mtoto? Hawajapata. Mwanangu anaendelea na matibabu, na daktari hakuwaficha kwamba huenda yasifae. Wamezungumza juu ya kulea mtoto asiye na wazazi. Wamefika mpaka ofisi ya ustawi wa jamii, wakaelezwa taratibu za Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hawajaamua. Nami sijauliza.

Lakini mkwe wangu analala usiku. Anakula. Ana siku mbaya bado, hasa karibu na Noeli, naye huniambia, "Mama, leo ni siku mbaya," nami huacha kazi nikaketi naye, wala sisemi utapata mwingine. Shanga zake huuzwa kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Na siku za mnada huwakuta wanawake watano au sita, Wairaqw, Wamasai na Mdatoga mmoja wa upande wa Mang'ola, wote wa shida moja, wakaketi pamoja saa moja kabla ya kurudi makwao. Hawamtengi mtu.

Basi, mama mwenzangu uliye na mkwe, nakuomba mambo machache. Usimhesabie. Usimwambie utapata mwingine. Mwulize huyu aliyepotea alikuwa nani kwake. Ukoo ukianza kusema pembeni, sema hapana kwa sauti, ili asikie. Ukimwona hali, halali, hacheki majuma mawili, nenda naye kituo cha afya au hospitali, mwambie mhudumu waziwazi kwamba ni huzuni, uulize aliyesomea ushauri yuko wapi. Mume na aende pamoja naye. Nawe, ukiitwa ndani, ingia; usiogope utakachoulizwa.

Na wewe binti unayesomewa gazeti hili huku unapepeta mbaazi, kama ukuta wa jiko lenu una alama, jua kwamba aliyeziweka naye huenda ana mtoto ambaye hakulia msiba wake. Mwambie bibi mmoja unayemwamini. Ukimkosa, mwambie nesi. Usikae nje katika baridi peke yako.